Ukikuta Account Unknown kwenye ruhusa za folda, usikimbilie kufuta

Mafundi wa ofisini hili mnakutana nalo sana, unafungua Properties ya folda ya seva, unaenda Security, katikati ya majina ya watu unaowajua kuna mstari umeandikwa Account Unknown ukifuatiwa na linamba refu linaloanza S-1-5-21, na wengi hapo wanabonyeza Remove fasta ili paonekane pasafi. Sisi wa kitengo cha usalama wa mitandao tunawaomba sana, jueni kwanza ni namba ya nani.

Iko hivi, Windows kwenye ruhusa haitunzi jina la mtu, inatunza SID, namba ambayo akaunti inapewa siku inafunguliwa. Jina unaloliona pale linaulizwa muda huohuo kwa seva ya domeni (mtandao wa ofisi ambao akaunti zote zinasimamiwa sehemu moja), jibu lisipokuja unabaki na namba mbichi. Ndo maana ukifuta akaunti ya mtu halafu ukamfungulia nyingine kwa jina lilelile, mafaili yake ya zamani yanamkatalia, SID ni nyingine kabisa.

Sasa jibu linaweza kukosekana akaunti ikiwa nzima tu. Labda DNS (inayotafuta anwani za kompyuta kwa majina) inasumbua, labda trust, yaani kuaminiana, na domeni nyingine imekatika, au hadi diski imetoka kwenye kompyuta nyingine. Ukifuta wakati huo, netiweki ikirudi watu wamefungiwa nje na simu zinaanza kuita.

Kwa hiyo isome namba. Mafungu matatu baada ya 21 ndo domeni yenyewe, la mwisho ndo akaunti. Andika whoami /user kwenye Command Prompt ukiwa umeingia kwa akaunti ya domeni, itakuonyesha SID yako, linganisha. Mafungu hayo matatu yakifanana, na mtandao ukiwa sawa, hiyo akaunti kuna uwezekano mkubwa ilifutwa, yakitofautiana imetoka kwingine, katafute huko. Fungu la mwisho likiwa 500 hiyo ni Administrator, 512 ni Domain Admins (grupu la wasimamizi wa domeni), hapo tulia kabisa.

Zile zinazoanza S-1-15-3 usiziguse!! Ni za programu, zipo tangu Windows 8, kawaida hazionyeshi jina na Microsoft wenyewe wanasema zisifutwe, maana ukishaitoa huwezi kuirudisha kupitia dirisha lile la Security.

Na kama akaunti ilifutwa kweli, angalia Recycle Bin ya Active Directory (mfumo wa Windows unaotunza akaunti za domeni) kama mliiwasha (ipo kuanzia Server 2008 R2, kwa kawaida inatunza siku 180), kwa sababu akaunti ikirejeshwa inarudi na SID ileile na ruhusa zote ulizoziacha, hata kama mwenyewe alishaacha kazi. Hilo ndo linalotutia wasiwasi zaidi.

Ukishajiridhisha, chukua bakapu ya ruhusa kwa amri ya icacls /save, ndo uondoe kwa icacls /remove, mbele ya SID weka kinyota. Kuanzia hapo ruhusa wapeni magrupu, siyo mtu mmojammoja, mtu akiondoka anatolewa kwenye grupu na folda haiguswi.