Nini maana ya uchunguzi wa kisayansi wa kazi za sanaa?

Ni kutafuta chanzo cha uharibifu wa mchoro, sanamu au nyaraka kabla ya kuutibu. Macho peke yake hayatoshi. Chukua sanamu mbili za bronzi, zote zimegeuka kijani. Ya kwanza ina utando mgumu ulioshikamana nayo, na huo unaikinga. Ya pili ina unga hafifu unaopukutika: kloridi, aina ya chumvi, imeshapenya kwenye bronzi, na kila unyevu ukizidi hewani inaendelea kuila. Anayeikwangua ya kwanza anaiharibu bure, na anayeiacha ya pili penye unyevu ataipoteza.

Kazi huanza bila kuigusa sanaa. Chini ya mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, vanishi kuukuu hung'aa, na sehemu zilizopakwa rangi upya baadaye mara nyingi huonekana kama mabaka meusi. Miale ya infraredi, nayo isiyoonekana, hupita kwenye tabaka nyingi za rangi na kufichua michoro ya mkaa iliyo chini yake. Eksirei huonyesha misumari, mipasuko na rangi zenye madini ya risasi. Kuna pia kifaa kinachopiga eksirei juu ya rangi kisha kusoma elementi zilizomo. Hayo yote yakiwa hayatoshi, ndipo huchukuliwa chembe ndogo mno, mara nyingi pembeni mwa ufa uliokwishakuwapo. Huzamishwa kwenye gundi ngumu, ikasuguliwa na kutazamwa kwa hadubini, na hapo tabaka zinahesabika moja baada ya nyingine.

Mfano unaonivutia zaidi ni "Mayowe" (The Scream), picha ya mchoraji wa Norwe Edvard Munch, ile ya mwaka 1910 hivi iliyoko Oslo. Iliibwa mwaka 2004, ikapatikana 2006 ikiwa na madhara ya unyevu. Manjano yake ya kadimi, yaani rangi iliyotengenezwa kwa metali hiyo, yamepauka mahali pengine na kumeguka kwingine. Wengi tungeulaumu mwanga. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kuwa mkosaji mkubwa ni unyevu, ukisaidiwa na kloridi zilizomo kwenye rangi yenyewe. Watafiti wakashauri unyevu wa hewa usizidi asilimia 45, mwanga ubaki wa kawaida. Kumbe kuufungia mchoro gizani kusingeuokoa, na watu wangenyimwa kuuona.

Ndiyo maana tiba nyingi hazihusu mchoro wenyewe bali chumba: unyevu, joto, mwanga, vumbi. Inapolazimu kuugusa, mhifadhi hujaribu kiyeyushi kwenye kieneo kidogo kwanza, kwa pamba iliyoviringishwa kwenye kijiti, akiangalia kama pamba inatoka na vanishi au na rangi ya msanii. Rangi ikitoka, anaacha papo hapo. Na anapoziba pengo hutumia rangi inayoweza kuondolewa baadaye bila kuidhuru ya asili, kwa sababu atakayekuja miaka 50 mbele huenda akawa na njia bora zaidi.