Sumaku isiyovuta kitu

Kwenye meza yangu ya maonyesho huweka vitu viwili: sumaku iliyong'olewa kwenye spika kuukuu, na chupa ndogo ya unga wa kijani. Wanafunzi huipitisha sumaku ubavuni mwa chupa, unga hautikisiki. Ndipo ninapowaambia kuwa ndani ya kila punje ya unga ule mna usumaku mwingi, ila umejifunga wenyewe kwa wenyewe.

Chukua mchezo wa kuvuta kamba, timu mbili zikiwa zimetoshana nguvu. Kamba haisogei, lakini misuli imekaza. Katika sumaku ya spika, visumaku vidogo vya atomi, yaani spini, huelekea upande mmoja. Katika unga huu, ambao ni oksidi ya kromi, spini jirani hupingana, na jumla yake ni sifuri. Vitu vya namna hii huitwa antiferomagneti. Mfaransa Louis Néel, aliyeeleza siri yake, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Kwa oksidi ya kromi mpangilio huo hudumu hadi nyuzi joto 34 hivi. Joto kali la mchana Dar es Salaam laweza kuuvunja, na chupa ikirudi kivulini ukajipanga upya.

Mwaka 1959 Igor Dzyaloshinskii, Mrusi, alitabiri kwamba ukiitia oksidi hii kwenye uga wa umeme, ule usawa utaegemea upande mmoja na usumaku kidogo utachomoza. Mwaka uliofuata mwanafizikia mwingine, Astrov, aliupima, akaukuta. Ulikuwa mdogo mno, lakini umeme ulikuwa umegusa usumaku pasipo waya wa kuzungushwa wala mkondo wa kupitishwa humo.

Hilo si jambo dogo. Kuandika taarifa kwa sumaku kwa kawaida kunahitaji mkondo, na mkondo hupasha waya moto. Volti isiyosukuma mkondo hupoteza nishati kidogo sana.

Zipo fuwele zenye umeme ndani yake tayari, bila betri. Ninayoipenda kuliko zote ni bismuthi feraiti, iliyoungwa kwa metali ya bismuthi, chuma na oksijeni. Ioni zake za bismuthi, yaani atomi zenye chaji ya umeme, hazikukaa katikati ya oksijeni zinazozizunguka. Zimesogea kidogo, hivyo fuwele ina upande chanya na upande hasi. Chuma kilichomo nacho kina spini zinazopingana, na upinzani huo hustahimili hadi nyuzi 370 hivi. Tena spini hizo hazikunyooka. Zinajipinda polepole kadiri unavyoingia ndani ya fuwele, na mzunguko mmoja hukamilika kila nanomita 62, urefu uliopungua unene wa unywele zaidi ya mara elfu moja. Kinachozipinda ni msogeo ule ule ulioleta umeme. Ndiyo maana ukigeuza umeme kwa volti, mpangilio wa spini waweza kugeuka nao. Watafiti walilionyesha hilo mwaka 2006, katika joto la kawaida la chumbani.

Turudi kwenye kamba. Mvutaji mmoja akiyumba, wa nyuma yake anayumba, na mtikisiko unakwenda mpaka mwisho wa mstari. Spini nazo hupokezana hivyo, na wimbi hilo huitwa magnoni. Katika antiferomagneti mara nyingi hutetemeka kwa kasi ya terahezi, yaani mara trilioni kwa sekunde.

Wimbi la mwanga lina sehemu ya umeme na sehemu ya sumaku, na kwa kawaida magnoni huamshwa na hiyo ya sumaku. Mwaka huo huo wa 2006, Andrei Pimenov na wenzake nchini Ujerumani walipitisha mawimbi ya terahezi, ambayo ni mwanga usioonekana kwa macho, kwenye fuwele za manganaiti (zenye metali ya manganizi na oksijeni) zilizopozwa sana. Walipozungusha mwelekeo wa mawimbi hayo, wakaona mtikisiko wa spini unafuata sehemu ya umeme. Wakauita elektromagnoni. Baadaye bismuthi feraiti ikaonyesha ajabu nyingine: katika masafa ya magnoni zake, mwanga unaokwenda upande mmoja hupita vizuri kuliko unaorudi.

Kazi ngumu iko kwenye tanuri. Bismuthi huvukiza mapema, na fuwele iliyopungukiwa huvujisha mkondo, volti ikakosa pa kushika. Kwa hiyo watengenezaji huongeza oksidi ya bismuthi kidogo zaidi ya kipimo, wakijua kwamba sehemu yake itapotelea hewani.