Mtangazaji wa hoki ya barafuni si lazima awe mchezaji mstaafu

Wengi hudhani kwamba mtangazaji wa hoki ya barafuni huko Marekani na Kanada ni mchezaji aliyestaafu. Dhana hiyo humchanganya mtangazaji na mchambuzi aketiye kando yake, ambaye mara nyingi ndiye aliyewahi kucheza. Mike Emrick, aliyeanza kutangaza mwaka 1973 katika ligi ya chini mjini Port Huron, Michigan, na kustaafu mwaka 2020, hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa. Alikuwa msomi mwenye shahada ya uzamivu. Kazi yenyewe, ambayo kwa hakika inastahili heshima kubwa, ni ya macho na ulimi: wachezaji hupokezana zamu za kuingia uwanjani kila baada ya sekunde 45 hivi bila mchezo kusimama, naye mtangazaji hulazimika kumtambua mwenye kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira na kumtaja jina kabla hakijamfikia mwingine.