Mnamjua kwa Bashu tu: dhana potofu kuhusu Bahram Beyzai

Ukimtaja Bahram Beyzai mbele ya wapenzi wa filamu wa huku kwetu, wengi watakuuliza, "Ndiye nani huyo?" Waambie ni yule aliyetengeneza filamu ya mtoto mweusi wa Kiirani, uone nyuso zinavyobadilika: "Aaa, Bashu!" Baada ya hapo huja maneno yaliyosikika nusunusu, kila mtu na lake. Nimeyasikia mara nyingi mpaka nimeona niyaandike. Karibu yote yana chanzo kimoja: mtu ametazama filamu moja, akadhani amemmaliza Beyzai.

"Ni mwongozaji wa filamu aliyeandika na tamthilia kidogo"

Igeuze sentensi hiyo juu chini, ndipo itakuwa kweli. Beyzai alizaliwa Tehran tarehe 26 Desemba 1938, katika familia ya washairi yenye asili ya Aran, mji ulio jirani na Kashan. Ujanani alikuwa akitoroka shule kwenda sinema, hilo halina ubishi, lakini kalamu ilitangulia kamera kwa miaka mingi. Filamu yake ndefu ya kwanza, *Ragbar* (mvua ya ghafla), ilitoka 1972. Kufikia wakati huo alikuwa ameshaandika *Arash*, kisa cha mpiga upinde ambaye mshale wake ndio ungeamua mpaka wa nchi. Alikuwa ameshaandika tamthilia tatu za vikaragosi, na nyingine juu ya safari ya nane ya Sindbad, ile ambayo hadithi za kale hazikuisimulia.

Filamu ndefu alizoongoza maishani ni 10 tu. Tamthilia na miswada ya filamu ni makumi kwa makumi. Kati ya *Mosaferan* (Wasafiri) ya 1992 na *Sagkoshi* (Kuua mbwa) ya 2001 ipo miaka tisa ambayo hakutoa filamu ndefu hata moja. Miswada aliyonyimwa nafasi ya kuipiga picha aliichapisha vitabu, na Wairani wakaizoea hivyo: filamu za kusoma.

"Iran haikuwa na michezo ya jukwaani mpaka Wazungu walipoileta"

Hii Beyzai aliikuta kwao wenyewe, kwa wasomi wa Tehran waliodhani maigizo yalianza siku mtu alipotafsiri Molière, mwandishi wa tamthilia wa Kifaransa. Aliiacha shahada ya fasihi Chuo Kikuu cha Tehran bila kuimaliza, akaenda kutafuta mwenyewe. Matokeo yake ni kitabu *Namayesh dar Iran* (Maigizo nchini Iran) cha 1965, ambacho hadi leo anayetaka kuandika juu ya jambo hilo hawezi kukiruka.

Alikuta nini? Alikuta *naqqali*: mzee mmoja kwenye mkahawa, fimbo mkononi, anasimulia vita vya *Shahnameh*, utenzi mkuu wa wafalme wa Uajemi, huku akiwa mfalme, farasi na adui peke yake. Alikuta *pardeh-khani*, msimulizi anayetembea na kitambaa kikubwa kilichochorwa mashahidi, akionyesha picha moja moja. Alikuta vikaragosi vya usiku ndani ya hema. Alikuta *ruhowzi*, vichekesho vya harusini: mbao zinalazwa juu ya bwawa dogo la uani, bwawa linageuka jukwaa. Na alikuta *ta'zieh*, igizo la mauaji ya Imamu Hussein, mjukuu wa Mtume, kule Karbala. Sisi neno hilo tunalo, taazia, ila kwetu limebaki kwenye salamu za rambirambi. Kule ni farasi, ngoma, mavazi ya kijani kwa watu wa Imamu na mekundu kwa maadui, na waigizaji wanaoshika karatasi za maneno yao mkononi bila kuficha, maana hakuna anayejidai kuwa yeye ndiye Hussein. Anamwigiza tu, akilia.

Nisimame kidogo kwenye *ruhowzi*. Mchekeshaji mkuu ni mtumishi aliyepakwa masizi usoni, *siyah*, yaani mweusi. Mara nyingi anaitwa Mubarak, au Yaqut, au Almas. Msomaji wa pwani ameshashtuka. Mabruki, Feruzi, Almasi: ndiyo majina waliyobandikwa watumwa upande wetu wa bahari. Mtumishi huyo ndiye anayemdhihaki bwana wake mbele ya wageni wote, naye bwana anacheka kwa sababu ni mchezo. Uso uliopakwa masizi haupiti tena kirahisi siku hizi, na haifai upite. Lakini tukumbuke masizi hayo yamebeba kumbukumbu ya watu waliovushwa kutoka huku.

"Anautukuza Uajemi wa kale na wafalme wake"

Anayesema hivi ameona majina ya vitabu bila kuvifungua. Chukua *Marg-e Yazdgerd* (Kifo cha Yazdgerd), tamthilia aliyoipandisha jukwaani Tehran mwaka 1979, mapinduzi yaliyomwondoa mfalme, Shah, yakiwa bado moto. Historia inasema Yazdgerd wa Tatu, mfalme wa mwisho wa Wasasani, ukoo uliotawala Uajemi kabla ya Uislamu, aliyakimbia majeshi ya Waarabu, akajificha kwenye kinu cha kusagia nafaka karibu na Merv, na mwenye kinu akamuua mwaka 651 kwa tamaa ya mali. Sentensi moja, kesi imekwisha. Beyzai anaiweka sentensi hiyo mwanzoni, kisha anaanza kuibomoa.

Maiti iko sakafuni. Askari wa mfalme wameingia. Mwenye kinu, mkewe na binti yao wanapaswa kujitetea kabla ya kuuawa, na utetezi wao ni kuigiza: usiku ule mfalme alikuja hivi, akasema hivi. Mume anavaa utawala, mke anakuwa mume. Baadaye mke ndiye mfalme na binti ndiye anayeulizwa. Wanabadilishana nafasi kama wachezaji wa *ta'zieh*, na kila toleo la kisa linaharibu lile lililotangulia. Mara mfalme alikuja kama ombaomba. Mara yeye mwenyewe ndiye aliyeomba auawe. Mara maiti ile si ya mfalme, ni ya mwenye kinu, na huyu anayezungumza nasi ndiye mfalme aliyejificha. Binti, ambaye akili imeshamyumba kwa njaa na msiba wa kaka yake, anasema mambo ambayo hakuna anayetaka yawe kweli. Wenye upanga wanashindwa kujua hata nani amekufa, kwa sababu watu wa chini hawakuwahi kuuona uso wa mfalme wao. Waliuona kwenye sarafu tu, na sarafu zenyewe walikuwa nazo chache.

Huo ndio utukufu wa wafalme kwa Beyzai. Na mwishoni, wakati majeshi mapya yanakaribia kinu, mke wa mwenye kinu hayashangilii wala hayalilii. Anauliza tu: kama hukumu ya hawa wa kwetu ilikuwa hii, ya hao wanaokuja itakuwaje? Hebu fikiria swali hilo likisikika Tehran mwaka ule. Toleo la filamu alilolipiga miaka michache baadaye lilipigwa marufuku.

"Bashu ni mtoto wa Kiafrika aliyepotelea Iran"

Hapana. Bashu ni Mwirani wa Khuzestan, kusini-magharibi, kwenye mpaka wa Iraq. Bomu la vita linamchukulia wazazi, anadandia lori, analala kwenye mzigo, anaamka Gilan, kaskazini kabisa, kwenye mashamba ya mpunga ya upande wa Bahari ya Kaspi. Wajenzi wa barabara wanalipua mwamba kwa baruti; yeye anadhani vita vimemfuata, anaruka chini na kukimbia.

Hapo anakutana na Na'i, mwanamke mwenye watoto wawili ambaye mumewe yuko mbali. Tunamwona mara ya kwanza akiinuka ghafla kutoka chini ya picha, kitambaa cheupe kimefunika mdomo, macho yamejaa skrini nzima. Aliyeigiza ni Susan Taslimi, na nasema bila kusita kwamba macho yale peke yake yanatosha kuwa filamu.

Anampeleka mtoto mtoni, anamsugua kwa sabuni. Anasugua, anasugua, anaangalia. Rangi haitoki. Tukio hili linachekesha na kuchoma kwa wakati mmoja, na Beyzai halifuatishi na hotuba. Majirani nao wanasema yao: mtoto huyu mkosi, huyu mwizi, huyu masizi. Na'i anawafukuza.

Dhana nyingine inaangukia hapa hapa: kwamba Wairani ni Waarabu na wote lugha yao ni moja. Bashu anasema Kiarabu. Na'i anasema Kigilaki. Hawaelewani hata jina la yai. Kiajemi, lugha ya taifa, hakuna kati yao anayeota nayo usiku, wameikuta vitabuni. Siku watoto wa kijiji wanapompiga, Bashu anaokota kitabu cha shule na kusoma kwa sauti, kwa Kiajemi cha darasani kilichonyooka kama rula: Iran ni nchi yetu, sisi ni wa maji na udongo mmoja, sisi ni watoto wa Iran. Wenzake wanaduwaa. Kumbe anajua! Yeyote aliyelelewa kwa kilugha cha nyumbani na Kiswahili cha shuleni analijua tukio hili bila kutafsiriwa.

Hata hivyo waliodhani kuna Afrika humo ndani hawakukosea kabisa. Pwani ya kusini ya Iran, toka Khuzestan na Bushehr mpaka Hormozgan, ina watu wengi ambao mababu zao walitoka upande wetu, wengi kwa njia ya utumwa. Wana ngoma za *zar*, za kutuliza pepo, na anayejua kupunga pepo Unguja au Lamu hatahitaji mkalimani. Na'i anapougua, Bashu anachukua ngoma na kuipiga usiku kwa namna ya kwao ili amrudishe. Hakuna anayeeleza ni kitu gani. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilisimamisha filamu.

Ilitengenezwa katikati ya miaka ya 1980, vita vya Iran na Iraq vikiendelea, na haikuruhusiwa kuonyeshwa mpaka vita vilipokwisha. Mwaka 1999 jarida moja la Iran liliuliza wahakiki 150 ni filamu gani bora ya Kiirani ya wakati wote. Walichagua hii. Mwaka 2025, nakala yake iliyosafishwa upya ilipata tuzo ya filamu bora iliyorejeshwa kwenye tamasha la Venice.

"Filamu zake ni kama za Kiarostami"

Beyzai na Abbas Kiarostami, mwongozaji mwenzake wa Kiirani, walipitia taasisi ile ile ya sanaa za watoto Tehran, na ufanano unaishia karibu na hapo. Kiarostami anaacha maisha yaingie kwenye kamera kana kwamba kamera haipo. Beyzai anakukumbusha kwamba umekaa mbele ya mchezo. Katika *Mosaferan*, familia inajiandaa kupanda gari kwenda Tehran kwenye harusi, wamebeba kioo cha ukoo cha kumpelekea bibi harusi. Mwanamke anageukia kamera na kutuambia, kwa utulivu kama anayetaja bei ya nyanya: tunakwenda kwenye harusi ya mdogo wangu, hatutafika, tutakufa wote. Anapanda gari. Wanakufa. Kinachobaki ni harusi iliyogeuka matanga na bibi kizee anayekataa kuvaa nyeusi, kwa sababu kwenye ajali kioo hakikuonekana.

"Alikuwa adui wa dini"

Mswada wa *Ruz-e Vaqe'e* (Siku ya Tukio), uliopigwa picha na Shahram Asadi mwaka 1994, ni wake. Kijana Mkristo aliyesilimu anasikia sauti ya kuomba msaada siku ya harusi yake mwenyewe, anaacha karamu, anakimbiza farasi jangwani kuelekea Karbala, anafika yakiwa yamekwisha. Televisheni ya Iran hupenda kuirusha Ashura inapofika. Dola hiyo hiyo ilimwondoa chuo kikuu mwaka 1981, alikokuwa ameongoza idara ya sanaa za maigizo. Na wanaosema matatizo yake yalianza na mapinduzi wasahau hilo pia: enzi ya Shah wakaguzi walikuwepo, na Oktoba 1977, kwenye usiku 10 maarufu wa waandishi ulioandaliwa na Taasisi ya Goethe mjini Tehran, alisimama akasema juu ya hali ya maigizo na sinema.

"Alipohamia Marekani alinyamaza"

Aliondoka 2010 kwenda Chuo Kikuu cha Stanford, California, kufundisha, na huko akaandaa mchezo baada ya mchezo kwa Kiajemi. *Tarabnameh* ya 2016 ilikuwa *ruhowzi* ya saa tisa hivi, iliyogawanywa mara mbili. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, kilimpa udaktari wa heshima.

"Filamu zake zote zipo, ni kutafuta tu"

Nakala mama ya *Ragbar*, ile ya mwalimu Hekmati anayehamishiwa mtaa wa watu maskini na kumpenda dada wa mwanafunzi wake, ilichukuliwa na serikali na haikuonekana tena. Iliyosalia ni nakala moja ya sinema aliyokuwa nayo Beyzai mwenyewe, imekwaruzika, imekatika, imeungwaungwa. Maabara ya Bologna, Italia, kwa msaada wa mfuko wa mwongozaji wa Kimarekani Martin Scorsese, iliitumia hiyo hiyo kuirejesha mwaka 2011, kazi iliyochukua zaidi ya saa 1,500. Nakala hiyo ilikuwa imeandaliwa kwa watazamaji wa nje, kwa hiyo tafsiri ya Kiingereza imechomwa ndani ya picha yenyewe. Ukiitazama leo, yale maandishi ya chini hayaondoki hata ubonyeze nini kwenye rimoti. Televisheni yako haina kosa.