Je, wajua kwa nini mabingwa wa Tekken, gemu ya kupigana mtu na mtu, wametokea Lahore?

Februari 2019, kijana wa Lahore, Pakistan, aitwaye Arslan Siddique alitua Japani kushiriki EVO Japan, moja ya mashindano makubwa ya gemu za mapigano duniani. Kwenye gemu anaitwa Arslan Ash. Nje ya kwao ni wachache mno waliokuwa wamelisikia jina hilo. Viza ilimchelewesha, safari ikawa ya kuzungukazunguka viwanja vya ndege, na rupia alizobeba hazikupata wa kuzibadilisha njiani. Alifika amechoka, akacheza, akatwaa ubingwa wa Tekken 7 mbele ya AK wa Ufilipino. Agosti mwaka huohuo akaenda Las Vegas na kushinda EVO yenyewe, lile shindano mama, safari hii akimfunga Mkorea Bae Jae-min, maarufu kama Knee, ambaye wengi walikuwa wanamhesabu kuwa ndiye mchezaji bora wa Tekken aliyewahi kutokea.

Lakini kilichowashangaza watu zaidi ni maneno aliyoyasema baada ya ushindi wa Japani: kwamba nyumbani Pakistan wapo wengine wa kiwango chake. Wengi walidhani anajigamba tu. Knee hakubaki kubishana, alipanda ndege kwenda kujionea, na huko alikula vipigo kutoka kwa vijana ambao dunia haikuwa na habari nao. Mmoja wa kizazi hicho, Atif Butt, ndiye aliyeshinda fainali za Tekken World Tour za msimu wa 2022, zilizochezwa Amsterdam mapema 2023.

Sasa imekuwaje? Ili kulijibu hilo, tuanze na Eddy.

Kama ulikaa kwenye kibanda cha gemu enzi za Tekken 3, Eddy Gordo humsahau. Yule Mbrazili wa kapoera, miguu juu, kichwa chini. Palikuwa na mtoto mmoja kila mtaa ambaye hakujua chochote kuhusu gemu, kazi yake ni kutwanga kitufe cha iksi na cha duara bila kupumzika, na bado alikuwa anawatoa watu wazima kwenye benchi. Wakamchukia Eddy, wengine wakampiga marufuku kibandani kwao. Lakini mtoto huyo ukimpeleka kwenye mashindano ya maana, hamalizi asubuhi.

Sababu iko kwenye hesabu ndogo. Tekken huenda kwa picha 60 kila sekunde, na kila picha moja wachezaji huiita fremu. Ngumi fupi ya kushoto, ile ya kitufe cha mraba, kwa kawaida huchukua fremu 10 kufika kwa adui, yaani moja ya sita ya sekunde. Jicho na kidole cha binadamu, hata cha bingwa, havina kasi hiyo. Hakuna anayeiona ngumi ile ndipo akaikinga. Mateke ya chini yaliyo mazito, yale ya fremu 25 na kuendelea, hayo unaweza kuyaona yakija ukachuchumaa. Kwa hiyo kuna mapigo ya kuyaona na kuna mapigo ya kuyatabiri, na anayejua lipi ni lipi tayari amepunguza nusu ya kazi.

Hesabu ya pili ni ya baada ya pigo. Ukirusha teke likakingwa, mwili wako unabaki umeganda kwa muda mfupi kuliko kope inavyopepesa. Ukiachwa nyuma fremu 10, mwenzako ana ngumi yake ya fremu 10, na huna namna ya kuikwepa hata ukitwanga pedi ya kuchezea mpaka ipasuke. Ukiachwa fremu 15, wahusika wengi wana pigo la kukurusha hewani, na hapo unapigwa kombo ndefu, yaani mapigo yanayofuatana bila nafasi ya kujikinga, huku wewe unatazama tu kama mtazamaji. Kila pigo la Eddy lina deni lake. Yule mtoto alikuwa anakopa mfululizo, ila mtaani kwetu hakuna aliyekuwa anajua kudai.

Hiki ndicho wachezaji wanachokiita misingi, na ukitazama utaona hakina mbwembwe. Kujua kwamba ukisimama unakinga mapigo ya juu na ya kati, na ukichuchumaa ya juu yanakupita kichwani lakini ya kati yanakupata. Kujua kudai deni. Na kujua kutembea, ambako mimi naona ndiko kunakomtenganisha mchezaji na mbonyezaji. Ukirudi nyuma hatua moja kwa wakati, ngumi ya adui inakata hewa, na mwili wake ukiwa bado umenyooka unamwingia. Wakorea walilisukuma jambo hili mbali sana: wanaruka nyuma, wanaikata ile ruka kwa kuchuchumaa kidogo, wanaruka tena, mfululizo, mpaka mhusika anaonekana anateleza kwenye sakafu. Mbinu hiyo dunia nzima inaitaja kwa jina la Korea. Kuijifunza kunaumiza kidole gumba, na wiki za mwanzo utafungwa zaidi kuliko zamani kwa sababu akili yote iko kwenye mkono.

Misingi hiyo unaweza kuisoma kwenye intaneti leo jioni. Jedwali za fremu zipo, video zipo, za bure. Kwa nini basi kila mtu si bingwa?

Kwa sababu ile sehemu ya kutabiri haipatikani kwenye jedwali. Ni lazima uwe umekaa na mtu. Ni lazima awepo mmoja anayejua kwamba ukibanwa pembeni huwa unarusha teke, alingoje teke hilo mara tatu mfululizo, akucheke, nawe urudi kesho umeliacha. Keshokutwa naye abadilike. Kompyuta haikusomi hivyo. Mchezo wa mtandaoni unasaidia, lakini ucheleweshaji wa fremu tatu nne tu unatosha kuharibu ile hesabu ya kudai deni, na enzi za Tekken 7 tatizo hilo lilikuwa kubwa, hasa kwa nchi zilizo mbali na wachezaji wengine wazuri.

Pakistan ilikuwa na dawa bila kuitafuta: kumbi za mashine za gemu. Mashine ya aina hiyo ina sheria moja duniani kote, mshindi anabaki na aliyefungwa anaweka sarafu nyingine au anapisha. Kijana asiye na hela nyingi mfukoni anajifunza upesi kutorusha pigo la ovyo, maana kila kosa lina bei. Na kwa kuwa viza zilikuwa ngumu na safari ghali, walicheza wao kwa wao miaka na miaka, kama vijiwe vya drafti ambavyo mzee hajawahi kuona kitabu cha mchezo huo ila ukikaa mbele yake huondoki na kete. Ule ubishani wa ndani ukawanoa wote kwa pamoja, na hapo kauli ya Arslan inaeleweka. Mtu hafiki kiwango hicho peke yake. Lazima awe na wa kumpiga. Kwa upande wa pili, nchi nyingine hazikuwa na video za kuwasoma. Walijitokeza wakiwa hawajulikani hata mtindo wao. Faida hiyo ya mwisho iliisha 2019, lakini Arslan aliendelea kushinda: EVO Japan na EVO ya Las Vegas zote mbili 2023, kisha EVO ya 2024 kwa Tekken 8.

Huku kwetu mfano wa karibu ni Nairobi. Sylvia Gathoni, anayecheza kwa jina la Queen Arrow, alisajiliwa 2018 na XiT Gaming, timu ya Marekani, kwa Tekken 7. Vibanda tunavyo kila kona kutoka Mombasa hadi Mbeya, na sheria ya mshindi anabaki tunaijua tangu utotoni. Ila viti vingi vimechukuliwa na mpira, na mwenye kibanda huwezi kumlaumu, mpira ndio unaolipa kodi ya pango.

Kwa anayetaka kuanza, watu watano wenye nia na runinga moja wanatosha. Runinga hiyo iwekwe kwenye hali yake ya gemu (Game Mode), kwa sababu nyingi za kisasa huichakata picha kwanza ndipo ziionyeshe, na hapo fremu zinapotea kabla hujagusa pedi. Chagua mhusika mmoja, usimhame kila ukifungwa. Kombo moja fupi isiyokukosa inatosha mwezi mzima.

Na ukisikia mashindano yametangazwa, jiandikishe hata kama unajua utafungwa. EVO yenyewe ilianza 1996 huko California kama mkutano wa watu wapatao 40, na mpaka leo mlango wake uko wazi kwa yeyote anayelipa kiingilio. Mfumo wa kawaida ni wa kutolewa ukifungwa mara mbili: ukipoteza ya kwanza unashushwa upande wa waliofungwa, na kutoka huko mtu anaweza kupanda mpaka fainali. Mara ya kwanza pengine utafungwa mbili na kutoka kabla ya chakula cha mchana. Usikimbilie nyumbani. Mfuate aliyekutoa, mpe mkono, muulize alikuwa anakusubiri kwenye nini. Kwenye jamii hizi watu hawafichi, kwa sababu nao wanahitaji wa kucheza naye wiki ijayo, na mara nyingi jibu ni fupi: kila nikikukinga, unabonyeza tena.