Herufi kubwa tupu hazimharakishi msomaji

Waandaaji wengi wa matangazo huamini kuwa ujumbe ulioandikwa wote kwa herufi kubwa ndio unaosomwa zaidi. Kwa neno moja au mawili, sawa: "PUNGUZO" huonekana kwa mbali. Shida ni aya nzima. Mwanasaikolojia wa Marekani Miles Tinker, aliyeanza kuwapima wasomaji miaka ya 1920, alikuta maandishi ya herufi kubwa tupu husomwa polepole zaidi. Uingereza ilipofungua barabara yake ya kwanza ya mwendo kasi mwaka 1958, majina ya miji kwenye vibao yalianza kwa herufi kubwa, zilizobaki zikawa ndogo. Dereva hana muda. Msomaji wa tangazo, naona, hana hata subira. Ukitaka kusisitiza, koleza bei au tarehe peke yake.