Kumwandaa mtoto kutoa ushahidi si kumkaririsha

Kumwandaa shahidi ni kumfanya ajue anaingia wapi, nani atamuuliza, na kwamba ana ruhusa ya kusema "sijui". Basi. Ila hapa Mwanza, kuanzia Igoma mpaka visiwa vya ziwani, neno hilo limegeuzwa: mtu mzima anakaa na mtoto jioni, anamsimulia kisa, mtoto anarudia mpaka kimkae. Huko ni kukaririsha, na kunaua kesi ya kweli.

Andaa ni neno la jikoni; andazi limetoka humo. Ukimwandalia mgeni chakula unatandika mkeka, unamnawisha, unapakua. Humtafunii. Na shahidi, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni aliyekuwepo akaona. Mtoto wa miaka 7 akisema "alinidhalilisha kijinsia", wakili wa utetezi atauliza tu: "Nani alikufundisha kusema hivyo?" Mtoto atamtaja, na hata yale aliyoyaona mwenyewe yataanza kutiliwa shaka. Angesema "alinifanyia tabia mbaya", kisha akaulizwa tabia gani akaeleza kwa majina ya mwili anayoyatumia nyumbani, hayo yangekuwa yake.

Wengine humkaririsha hata kiapo. Tangu Sheria ya Ushahidi irekebishwe mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi kwanza aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Ahadi hiyo aitoe kwa maneno yake, na iandikwe kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za mahakama. Kuna ushahidi uliofutwa kwenye rufaa kwa kukosekana ahadi hiyo.

Maandalizi yenyewe ni mambo madogo. Aone chumba cha mahakama kikiwa kitupu: hakimu anakaa pale, wewe unasimama hapa, choo kiko kule. Azoee kusema "sijaelewa swali". Kama nyumbani ni Kisukuma au Kikara, mwendesha mashtaka aambiwe mapema atafutwe mkalimani, asiwe ndugu. Anayevuka kutoka kisiwa cha Ukara kwenda mahakamani Nansio, afike siku moja kabla. Mtoto mwenye njaa na usingizi huitikia "ndiyo" kila swali ili amalize arudi.

Kwa hiyo, shangazi, ukisema "nimemwandaa", iwe umemwonyesha mlango na kiti. Kama umemwambia la kusema, sema umemkaririsha, na mwendesha mashtaka alijue hilo kabla mtoto hajaitwa.